Stihl 070 ya zamani niliyoifufua uani: lipia bodi na krenki, mengine yote ni spea

Kamwene wakuu. Tangu hii chensoo (msumeno wa injini wa kukatia miti) ianze kunguruma tena hapa nyumbani watu wananiuliza swali lile lile, eti inalipa kuchukua 070 iliyokufa na kuifufua au bora ununue mpya ya bei chee dukani uanze kazi kesho yake. Jibu langu fupi ni kwamba inalipa, tena sana, ila kwa sharti moja: bodi, yaani kasha la injini, isiwe na ufa na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, iwe nzima. Hayo mawili yakiwa sawa usiogope kutu, usiogope rangi iliyobanduka, usiogope hata pistoni iliyonasa. Hayo mawili yakiwa mabovu muachie mwenyewe hata kama anakupa bure.

Kwa wasioijua, 070 ni mjukuu wa Stihl Contra ya mwaka 1959, ile iliyoachana na gia na kuzungusha cheni moja kwa moja kutoka kwenye krenki. Injini ya tuu-stroku, cc 106, nguvu kama hospawa 6.5 hivi, na uzito wa kilo kumi na kitu kabla hujafunga baa (ule upanga unaobeba cheni) na cheni yenyewe. Huku kwetu Mafinga na Makambako mnaifahamu, kabla dingdong (mashine za kupasulia mbao) hazijajaa ndiyo ilikuwa inapasua mbao porini mtu kashika kwa mikono, anafuata mstari wa uzi uliopakwa oili chafu. Chensoo za kisasa zinapita mizunguko 12,000 kwa dakika na kulia kama nyuki, hii iko chini kabisa ya hapo, inaenda polepole lakini ukiikandamiza kwenye gogo la mlingoti (mkaratusi) haizimi, inazidi tu kuunguruma. Ndiyo maana wazee hawaiachi.

Yangu niliipata kwa mzee mmoja, ilikuwa stoo juu ya magunia ya mahindi. Nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza "baba, hii ilikufaje?", akasema "haikufa mwanangu, vijana waliiwasha na petroli tupu". Jibu kama hilo linakueleza kila kitu, petroli bila oili maana yake pistoni imekwaruzwa, lakini pia maana yake chini kwenye krenki kuna uwezekano pako salama kama iliganda mapema. Bei tukamalizana kwa thamani ya mbuzi wawili.

Sasa kabla hujatoa hela fanya hivi. Fungua ekzosi, ni bolti chache tu, chungulia kwenye tundu lake uone pistoni ilivyo, mikwaruzo utaiona kwa macho. Halafu shika flaiwili (gurudumu zito mwisho wa krenki) uitikise juu chini, siyo kuizungusha, kuitikisa. Ikicheza hata kidogo beringi zimeisha na kuna hatari hata krenki imelika. Toa plagi, zungusha flaiwili taratibu usikilize, ukisikia kama mchanga unasagwa ndani jua maji yaliingia. Mwisho kagua bodi pale inapofungwa baa na pale chini ya silinda, nyufa hupenda kujificha kwenye matope ya oili na vumbi la mbao, kwa hiyo nenda na kitambaa na petroli kidogo upasafishe kwanza, na muuzaji akikataa usipasafishe basi umeshapata jibu lako.

Kufungua ni kazi ya subira kuliko nguvu. Bolti zilizokaa miaka kwenye aloi nyepesi ukizilazimisha zinatoka na nyuzi zake, mimi huwa naziloweka na dizeli usiku kucha, kisha nagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo kabla ya kuweka spana. Ya klachi ndiyo inawatesa wengi, kwenye chensoo nyingi nyuzi zake ni za kinyume, yaani inafunguka kwa kuzungushia upande ule ambao kwingine ungekuwa unakaza. Na ili krenki isizunguke wakati unafungua, usichomeke bisibisi kwenye tundu la plagi, utatoboa pistoni. Ingiza kamba laini ile ya stata humo ndani mpaka ijae, pistoni ikipanda inakutana na kamba inasimama bila kuumia. Ujanja wa bure kabisa.

Silinda ndiyo panapotaka akili. Fundi wa bodaboda amezoea silinda yenye slivu ya chuma, ikikwaruzwa inapelekwa kuchongwa, unaweka pistoni ya ovasaizi maisha yanaendelea. Silinda ya chensoo haichongwi! Ndani imepakwa tabaka gumu jembamba sana na ukilichonga umeua. Lakini habari njema ni kwamba mara nyingi hiyo mikwaruzo unayoiona siyo silinda iliyolika, ni alumini ya pistoni imeyeyuka ikagandia juu ya lile tabaka. Kinachoitoa ni kostiki soda, ile ile wanayotengenezea sabuni, unaikoroga kwenye maji kidogo, unapaka kwa pamba kwenye ile michirizi tu, inachemka vipovu vyeusi, unafuta, unarudia, mpaka vipovu viishe. Glavu na miwani ni lazima, fanyia nje penye upepo, na usiimwage ovyo maana hiyo hiyo inakula alumini ya silinda yenyewe kwenye matundu ya pembeni. Usitumie asidi ya kusafishia chuma kwenye silinda ya kromu, asidi inakula kromu. Ukimaliza osha, kausha, pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza bila kukwama silinda yako ni nzima. Yangu iliteleza, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Kwa hiyo nikahitaji pistoni tu ya milimita 58 na ringi zake. Hapa nizungumzie spea maana ndiyo maswali yenu. Kwa kuwa 070 imeigwa sana huko China, spea za kuigizia zimejaa kila mji na nyingi zinaingiliana na bodi ya zamani, hilo ni faida kubwa kuliko chensoo nyingine yoyote ya umri huu. Msimamo wangu ni huu: pistoni ya kuigizia naikubali, ringi naomba za kampuni inayoeleweka, na sili za krenki, mipira na ngozi za kabureta (zile karatasi laini zinazovuta mafuta) nanunua orijino hata kama bei inauma. Pistoni ikiwa ya wastani itachakaa mapema kidogo, basi. Sili ikivuja hewa inaingia, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi mafuta machache, joto linapanda na hiyo pistoni mpya inanasa tena wiki hiyo hiyo. Ukinunua silinda nzima ya kuigizia pitisha kidole kwenye kingo za matundu ya ndani, zikiwa kali kama bati zisugue kwa msasa laini kabisa mpaka ziwe mviringo, vinginevyo zinashika ringi na kuivunja. Na zile klipu za pini ya pistoni weka mpya kila mara, uwazi wake uangalie juu au chini, usiuelekeze pembeni.

Kabla ya kufunga kabureta nikapima uvujaji. Kifaa chenyewe nimetengeneza kwa plagi kuukuu, nimevunja ile kauri ya ndani nikachomekea valvu ya baiskeli. Unaziba njia ya ekzosi na ya kabureta kwa kipande cha mpira wa tairi, unashusha pistoni mpaka chini kabisa, unajaza kwa pampu ya mkono mpaka kama psi 7 tu, usizidishe utazing'oa sili. Paka povu la sabuni kwenye sili zote mbili na kwenye gasketi ya silinda. Povu likivimba mahali hapo ndipo panapovuja. Mafundi wengi wa mtaani wanairuka hatua hii, wanafunga, inawaka, mteja anafurahi, inarudi imeganda. Na kwa vile krenki ilikuwa salama sikupasua bodi, sili nimezibadilisha kutokea nje. Kama beringi zako ziko sawa usipasue kwa udadisi tu.

Moto ulikuwa rahisi. Za zamani kama yangu zina pointi, ile swichi ya kukata umeme ili cheche iruke, chini ya flaiwili, nikazisugua, nikaweka uwazi wa milimita 0.4, kondensa mpya, uwazi wa plagi milimita 0.5, cheche ya bluu ikaruka. Asiyetaka mambo ya pointi kuna vimoduli vidogo vya elektroniki vinavyochukua nafasi yake. Kabureta ni kuosha na kubadilisha ngozi, zile za zamani zinakauka zinakuwa ngumu kama karatasi na hazivuti mafuta tena. Skrubu zote mbili za kabureta anzia mzunguko mmoja kutoka kwenye kufunga, iwashe ipate moto, ndipo urekebishe. Ile ya mwendo wa juu iache kidogo upande wa mafuta mengi, ukiiachia hewani bila kukata isikike kama inakwamakwama, ikiingia kwenye gogo sauti inasafika. Ikilia safi na kali hewani inajiunguza hiyo. Mafuta naweka 1:25, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 200 za oili ya tuu-stroku. Najua watu wanaweka 1:50, kwa mashine ya umri huu bora moshi kidogo.

Kazini sasa. Nimeifunga cheni nene ya saizi ya .404 na baa ndefu nikaipeleka kwenye gogo la mlingoti uliokauka, mti ambao chensoo ndogo zinalia juu yake, na 070 ikaingia bila wasiwasi ikitema vipande vinene. Kwa kupasua mbao nimepiga tupa ya milimita 5.5 kwa pembe ya digrii 10 badala ya zile 30 za kukatia, mbao inatoka laini zaidi na cheni haivuti pembeni. Oili ya cheni naweka safi. Oili chafu ya gari ina chembechembe za chuma na pampu haipendi, najua inauma mfukoni ila pampu inauma zaidi.

Sasa mabaya yake, maana siyo mashine ya kila mtu. Haina breki ya cheni. Baa ikigusa kitu kwa ncha ikarukia juu hakuna kitakachoizuia zaidi ya mikono yako, kwa hiyo kuangusha miti na kukatia matawi siifanyii, kazi yake ni gogo lililolala. Haina mipira ya kuzuia mtetemo kwenye mishikio, kuna toleo la AV lenye hiyo mipira na ukilipata chukua hilo, hii ya kawaida ukifanya nayo kazi kutwa nzima vidole vinakufa ganzi na ukiendelea miaka hiyo ganzi haiondoki. Kuwasha kunataka mkono, cc 106 zikirudisha kamba zinaweza kukuteguza. Kelele usiseme, vizibo vya masikio ni lazima. Na kwa kuvuna misindano (paini) ya wembamba wa paja ni kujitesa tu, chukua ndogo.

Ukilinganisha na zile mpya za kuigizia ambazo zinafanana nayo kwa kila kitu mpaka rangi, gharama yangu yote pamoja na ununuzi ilikaribiana nazo, haikuwa nafuu kihivyo. Tofauti iko kwenye uimara wa ndani: bodi ya zamani imenyooka, nyuzi zinashika, krenki haichezi, na ukiifunga leo unajua mwakani utaifungua tena kwa bolti zile zile. Ile mpya niliyoifungua ya jirani nyuzi za silinda zilikuwa zinachuruzika kama unga kabla hata haijamaliza msimu. Kama unataka ya kupiga kazi miezi michache uiache, nunua hiyo, sina neno. Ukishanunua yoyote pitia kwanza ofisi ya misitu uulize habari za kibali kabla hujaingia nayo porini, usije ukanyang'anywa njiani.

Kwangu mimi 070 inapata nne kati ya tano, moja nimeikata kwa breki na mtetemo. Kinachofuata natafuta kaka yake mkubwa, 090 ya cc 137. Mwenye iliyokufa maeneo ya Njombe, Makambako au Iringa mjini aseme, kutu ruksa, pistoni kunasa ruksa, ila krenki iwe nzima na kabla sijatoa hela nitakuja na kitambaa changu na petroli.