Sakulenti tatu nilinunua, ya nne ikajileta yenyewe

Jamani reviu hii nimekaa nayo miezi miwili, naandika sasa maana kila anayekuja home anauliza maua nimetoa wapi. Ni kwenye vile vitalu vya pembeni ya barabara ya Bagamoyo, jina la kitalu silitaji sababu kuna lawama humu ndani.

Bei hazina shida. Sakulenti (ile mimea ya majani manene yanayotunza maji) ndogo kwenye kiriba 5,000, ukichukua tatu wanakuachia kwa 12,000. Nikabeba ekeveria (ile iliyojikunja kama waridi), jade, na haworthia ya mistari myeupe ambayo shemeji yangu mpaka leo anaiita shubiri. Vyungu vyao vya saruji vina rangi nzuri balaa, 7,000 kimoja, ila havina tundu chini, hata kimoja! Nikamuuliza yule kaka akasema "dada usijali, we weka kokoto chini", na mimi nikakubali tu. Kokoto hazisaidii kitu, maji yanatuama palepale mizizi ikiogelea, halafu udongo wanaokupa ni ule mweusi wa samadi wa kupandia mchicha, ukimwagilia leo wiki ijayo bado mbichi, na joto la Dar na unyevunyevu wake ndo kabisa.

Wiki ya tatu jade ikaanza kulegea, majani yanabonyea kama ndizi iliyoiva kupita, shina chini jeusi na linanuka. Nikakata juu palipo pazima, nikakiacha kipande kivulini siku tano kidonda kikauke, nikapanda kwenye udongo nusu na mchanga nusu, mchanga wa mto ule wa chengachenga, wa beach usiguse una chumvi. Kimeshika. Vyungu nilimpa fundi mwenye drili akatoboa buku kila kimoja.

Sasa huyo mgeni. Kwenye chungu cha haworthia kakachomoza kamche ka majani mawili manene, nikafurahi nikajua imezaa. Nikakapiga picha na programu ya simu ya kutambua mimea, leo inasema shubiri, kesho inasema kitu kingine kabisa, ila siilaumu sana, mche wa majani mawili hauna sura bado. Mwezi ukapita majani yakarefuka, yakatoa meno pembeni, na kila jino limebeba kitoto chenye vijimizizi vyake tayari kabla hata hakijadondoka! Hapo ndo programu ikapatia, Kalanchoe daigremontiana, asili yake Madagaska. Na wakati nashangaa, chungu cha ekeveria cha jirani nacho kilishapata wageni sita.

Nikarudi kitaluni na picha. Kaka akacheka, "ah hiyo dada, ukiwa nayo moja masika yakiisha una kijiji." Akanionyesha, mama mtu kapangwa rafu ya juu, haworthia ziko chini yake, watoto wanadondokea humo. Na wanaiuza pia, 3,000! Ambacho hakuna aliyenambia ni kwamba ina sumu inayoshika moyo, mifugo ikila inaweza kufa, na mimi nina paka mtafunaji na jirani ana mbuzi. Nikavitoa kimoja kimoja kwa mkono nikavifungia kwenye kopo lenye mfuniko, maana ukitupa uani umepanda. Mpaka leo kila wiki naokota viwili vitatu.

Ekeveria hiyo kosa langu, niliiweka mezani sebuleni ikarefuka shingo ikitafuta dirisha. Saa hizi ipo barazani upande wa mashariki inapata jua la asubuhi, niliizoesha kidogo kidogo maana siku ya kwanza niliitoa mchana majani yakaungua. Kumwagilia natumia kijiti cha mishkaki, nachomeka mpaka chini, kikitoka na tope naacha, kikitoka kikavu namwaga maji mpaka yatokee tunduni.

Nyota tatu na nusu. Ile nusu ni ya kaka, alinipa haworthia nyingine bure bila mimi kudai. Ukienda wahi asubuhi, jua likipanda wanapitisha mpira wa maji kila mahali, sakulenti na mchicha sawasawa, utabeba kiriba kinachuruzika mpaka kwenye daladala.