Kumalizia uwazi wa kabati nyumba ya kupanga, Tudor: mafundi wawili, kazi mbili tofauti

Chumba changu cha kulala hapa Tudor, Mombasa, ni kidogo, na mlango wa kabati la ukutani ulikuwa unafungukia kitandani. Ukiuvuta unafika nusu, unagonga ubavu wa kitanda. Miaka miwili nimechomoa nguo kwa mkono mmoja, bega likizuia mlango. Mwezi wa pili nikamwendea mwenye nyumba, nikamwomba nitoe mlango na fremu yake, nitie pazia. Mzee alikubali kwa sharti moja: siku nikihama, mlango wake urudi ulipokuwa. Nilimwomba tuliandike hilo, tukatia sahihi sote wawili. Nawasihi wapangaji wenzangu msiliruke jambo hili hata kama mwenye nyumba ni mtu wenu wa karibu, kwani dipoziti ndiyo itakayokatwa.

Kutoa mlango kulichukua saa moja. Taabu ilikuwa kumalizia. Fremu ilikuwa imeshikwa na vipande vya hupaini, yaani chuma chembamba bapa, vilivyozikwa ndani ya saruji kati ya bloku, na vilipovutwa, plasta ilitoka nayo mabonge mabonge. Pembe zikabaki kama ufizi uliong'olewa jino.

Fundi wa kwanza nilimpata kupitia huduma ya kuita mafundi kwa simu. Shilingi 6,000 pamoja na vifaa, nusu siku tu, kazi imekwisha. Alijaza mashimo kwa unga mweupe wa kusawazisha ukuta, akafunika pande tatu kwa vipande vya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, akapigilia misumari ya kawaida, akapaka rangi nyeupe mkono mmoja. Jioni ile palipendeza, nami nikampa sifa zote.

Kisha masika yakaingia. Katikati ya mwezi wa tano ubao wa kushoto, pale unapogusa vigae, ulikuwa umefura kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, unabonyea. Na kila kichwa cha msumari kilikuwa kimetoa doa la kahawia juu ya rangi. Nilipompigia, alisema nimezidisha maji nikipiga deki. Dada yenu napiga deki kila siku, kama nyumba zote za Mombasa. Mbao isiyostahimili kitambaa chenye maji haifai kushushwa hadi sakafuni mji huu, na fundi wa hapa alipaswa kulijua hilo kabla ya kuchukua pesa yangu. Huduma yenyewe haikunijibu tena. Siipendekezi.

Wa pili ni mzee seremala mwenye karakana Majengo, niliyeelekezwa na jirani. Alikuja na pimamaji na timazi, akapima juu, kati na chini. Uwazi ulikuwa umepishana karibu nusu inchi. Akabandua kila kitu, akakwangua ule unga mweupe mpaka kwenye bloku, akarowesha ukuta na kupiga plasta ya saruji na mchanga. Halafu akaondoka. "Mama, ukuta wataka kukauka, sirudi wiki hii," aliniambia. Alirudi baada ya siku kumi na moja, si saba, na hilo lilinikera kwa sababu nguo zangu zote zilikuwa juu ya viti.

Lakini kazi! Alileta mbao za saiprasi zilizokauka vizuri, inchi sita kwa moja, akazipiga randa mpaka zikalingana na unene wa ukuta. Kabla ya kufunga chochote alizipaka andakoti, ile rangi ya kutangulia, pande zote nne, hata mgongo ambao hakuna atakayeuona. Kwenye ncha zilizokatwa alirudia mara tatu. Nilipomuuliza sababu, alidondosha tone la maji ubavuni mwa kipande kisicho na rangi, likatulia. Akadondosha jingine kwenye ncha, likazama mbele ya macho yangu. "Mbao yanywa maji kwa kichwa," akasema. Miimo yote miwili aliiacha juu ya vigae kiasi cha unene wa sarafu, ili maji ya deki yapite chini bila kuigusa.

Fremu yote imeshikwa na skrubu nane zisizoshika kutu, ndani ya plagi za plastiki, vichwa vimefunikwa kwa filla laini. Siku ya kuhama nitazichokonoa, nizifungue, na ukuta utakuwa mzima kupokea mlango wa zamani. Papi, yaani vibao vyembamba vya pembeni, zinaficha maungio ya mbao na plasta. Alizipiga msasa namba 120, kisha 220, na rangi ya mafuta mikono miwili. Pembe ya juu kulia ilibaki na ufa mwembamba. Nikataka kuuziba kwa silikoni niliyokuwa nayo, akanizuia kwa kuwa rangi haishiki juu ya silikoni, akatumia ile gundi nyeupe ya maji inayokubali rangi.

Jumla ilikuwa shilingi 9,800, mbao na rangi ndani yake. Ni ghali kuliko yule wa kwanza, na bado naona ni bei ya haki.

Pazia nimeshonesha kwa pamba nyepesi ya Biashara Street, na nguo zangu sasa zinapata hewa; viatu vya ngozi havijaota koga tangu hapo. Mlango wa zamani umelala chini ya kitanda juu ya vipande vya mbao, umefungwa kwa leso kuukuu badala ya nailoni, usije ukatoa jasho. Bawaba na skrubu zake zimo kwenye mfuko mdogo niliofunga kwenye kitasa.

Mwezi wa sita kulinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne nilipiga magoti, nikabonyeza mwimo wa kushoto pale pale chini. Ulikuwa mgumu na mkavu.