Seti ya kuhifadhia wadudu: pini safi, sanduku limejila lenyewe

Nyota moja. Nilitaka kuweka sifuri, mfumo ukagoma, kwa hiyo hiyo moja ihesabiwe kuwa ni kiingilio cha kupata nafasi ya kuandika.

Aliyekuja kutafuta vipimo vya sanduku au unene wa kioo, hayo yote yapo kwenye maelezo ya bidhaa, na picha wamepiga vizuri kweli. Mimi nina jambo moja tu, ambalo kwenye picha halionekani: sanduku hili linauzwa pamoja na sumu yake. Sisemi sumu ya wadudu. Sumu ya sanduku lenyewe.

Ndani ya seti unakuta pini, ubao wa kutandazia mabawa, kibano, kibao cha ngazi cha kusawazisha urefu, sanduku lenye mfuniko wa kioo, na kipakiti cha vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu waharibifu. Karatasi ya maelekezo inataka uweke kidonge kila kona na ufunge sanduku lisipitishe hewa. Nikaweka kila kona. Nikafunga.

Sasa sakafu ya hilo sanduku wameitandika povu jeupe la polistaireni, lile linalokuja limekumbatia televisheni mpya kwenye boksi lake, wakalifunika karatasi nyeupe juu ili lipendeze. Usipoinua karatasi huwezi kujua. Na vidonge ni paradiklorobenzini, jina ambalo mtengenezaji wake aliliandika kwenye pakiti na hawa wauzaji wakaja kubandika stika yao juu yake. Niliibandua stika kwa ukucha baada ya maafa, ndipo nikasoma.

Kwa wasiojua ubaya uko wapi: kidonge hiki hakiyeyuki kikawa maji. Kinageuka mvuke moja kwa moja, kidogo kidogo, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unashuka na kutuama chini. Na chini ndiko liliko povu. Polistaireni inalainishwa na mvuke wa namna hiyo, na kwa kuwa povu lenyewe karibu lote ni hewa, kuta zake nyembamba zikilegea kidogo tu linasinyaa na kuzama. Kadiri unavyofunga sanduku kwa utiifu, ndivyo mvuke unavyojaa na ndivyo kazi inavyokwenda haraka. Yaani mteja anayefuata maelekezo ndiye anayeumia zaidi. Mzembe aliyeacha mfuniko wazi pengine povu lake ni zima hadi leo.

Nilikuwa nimeliacha sanduku kwenye rafu msimu wa mvua, bila kulifungua, maana kila ukifungua unakaribisha unyevu na ukungu. Siku nilipolishusha niliona kwanza kwamba lebo hazilingani. Moja ilikuwa imeinama, nyingine imelala kabisa. Nikadhani kuna mtu aligonga rafu. Nilipofungua, harufu ikanipiga usoni, nikaona karatasi nyeupe imebonyea pembe zote nne, kila kidonge na shimo lake, na mashimo yamepanuka kuelekea katikati hadi karibu kukutana. Pini zilizokuwa wima zimelala ovyo kama walevi waliotolewa kilabuni usiku.

Mbawakawa mwenye pembe, mzito kuliko wote, ndiye aliyeanguka vibaya. Aliondoka na pini yake akamlalia vunjajungu. Vunjajungu akikauka ni mwepesi wa kuvunjika kupita maelezo. Shingo ilikatika, mguu mmoja wa mbele, ule wa kukamatia, ukabaki umening'inia kwenye pembe ya mbawakawa. Nondo mkubwa tumbo lilidondoka. Vipapasio sitaki hata kuvizungumzia, vilikuwa vimetapakaa kwenye karatasi, na nikawa nimeinama juu yake na kibano najiuliza hiki ni cha nani.

Na hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Mdudu wa mkusanyiko si pambo. Thamani yake iko kwenye lebo iliyo chini yake kwenye pini ileile: amekamatwa wapi, lini, na nani, ikiwezekana juu ya mmea gani. Mguu uliopotea mwenyewe hauna mahali wala tarehe, ni takataka tu. Povu lilipolainika lilikuwa linanata, na lilipokauka tena likazishika lebo zilizogusana nalo pamoja na wino wake. Nyingine nilipozibandua zilichanika katikati ya maandishi. Nina nyigu mmoja hapa mzima kabisa, mabawa yote, miguu yote sita, na sijui tena alitoka kwenye bonde au mlimani.

Ngoja niwatendee haki kidogo, maana hasira isinifanye mwongo. Pini zao ni nzuri. Tena nzuri sana, na inaniuma kuandika hivyo. Ni za chuma kisichoshika kutu, urefu wake karibu milimita 38, na zile namba 3, zenye unene wa nusu milimita, zinaingia bila kupinda. Aliyewahi kuchoma bawa gumu la mbawakawa kwa pini ya kushonea nguo anajua mateso yake: ni nene, ni fupi, inapasua, halafu baadaye inatoa kutu. Shaba nayo ina balaa lake, mafuta ya mwili wa mdudu yanaishambulia, inaota uchafu wa kijani unaovimba ndani kwa ndani hadi mdudu anapasuka. Hizi hazikutoa hata doa. Ukimchoma mbawakawa kwenye bawa la kulia, karibu na bega, ili upande wa kushoto ubaki salama kwa atakayemchunguza, pini inapita hadi chini pale pale ulipokusudia na inatokea kati ya miguu bila kuvunja hata mmoja. Ubao wa kutandazia nao una mfereji mzuri, mwili wa kipepeo unakaa, unavuta mabawa ya mbele hadi ukingo wake wa nyuma unasimama mraba na mwili, unabana kwa vipande vya karatasi, unamwacha akauke wiki moja au zaidi akiwa mnene. Kazi safi.

Kwa hiyo hapo nilifikia kusema labda nyota mbili. Labda mbili na nusu, kama wangepokea lawama kistaarabu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Salamu, pole na kazi, maelezo, picha za kutosha, hata picha ya pakiti iliyobanduliwa stika. Nikaeleza kwa upole kwamba hivi vitu viwili haviwezi kukaa pamoja, kwamba kuna wateja wengine wanaoenda kupata hasara hiyohiyo, wawatahadharishe. Likaja kwanza jibu la mashine, mpendwa mteja ujumbe wako umetufikia. Kisha akaja mtu. Naye, baada ya yote niliyoandika, akaniuliza swali moja:

"Pole ndugu. Kwani hao wadudu hawakuwa wameshakufa?"

Nilisoma mara mbili nikihisi nimekosea kusoma. Nikajibu ndiyo, ndugu yangu, walikuwa wamekufa, ndiyo maana wakawekwa kwenye sanduku la kuhifadhia wadudu waliokufa, ambalo ndilo mnalouza. Akanijibu kwamba wao wameuza sanduku, wadudu ni wa kwangu. Nikasema sanduku lenyewe ndilo lililoharibika, tazama picha. Akasema nirudishe likiwa katika hali yake ya awali, pamoja na vidonge vyote. Vidonge vyote! Vilivyokwisha kugeuka hewa! Nikamwomba aniunganishe na mkubwa wake. Akafunga mazungumzo, na papo hapo ukaingia ujumbe wa kuniomba nikadirie huduma niliyopewa kwa alama za nyuso, kuanzia uso unaolia hadi uso unaocheka.

Kuna kipepeo aliyekamatwa Uingereza mwaka 1702, na bado yupo kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford. Zaidi ya miaka 300 yule mdudu "ameshakufa", na bado watu wanamtunza. Wangu hawakumaliza msimu mmoja, kisha naulizwa kwani walikuwa hai.

Kazi ya uokoaji ilinikalisha jioni nyingi. Wale waliojipinda niliwarudisha kwenye chombo chenye mchanga mbichi na dawa kidogo ya kuzuia ukungu, nikafunika wakalainika, maana mdudu mkavu ukimnyoosha hivihivi unammaliza. Vichwa na matumbo nikagandisha kwa gundi ya maji, ile inayoweza kulegezwa baadaye kama mtu mwingine akitaka kurekebisha. Vipande ambavyo nilijua kwa hakika ni vya nani lakini haviungiki nikavitia kwenye kapsuli ya dawa, zile za kumeza, nikaichoma kapsuli kwenye pini ya mwenyewe chini yake. Havionekani vizuri lakini havijapotea. Vunjajungu nimemwacha, kichwa chake kiko kwenye kapsuli.

Baada ya wiki kadhaa, nikiwa nimeshakata tamaa, kikaja kifurushi kutoka kwao. Sikukiomba. Kuna kadi ndani imeandikwa kwa mkono, "pole kwa usumbufu uliojitokeza", na jina la mtu mwingine kabisa, si yule wa swali. Kusema kweli moyo ulilainika. Nikasema kumbe kuna binadamu mle ndani. Nilianza hata kuandika tathmini nyingine, nyota tatu, kwamba walichelewa lakini wamejirekebisha, kwamba kampuni inayokubali kosa ni ya kupongezwa, maneno mazuri mazuri.

Kisha nikafungua karatasi ya ndani. Bamba jipya la povu. Polistaireni ileile. Na pakiti za vidonge, safari hii mbili, kama zawadi. Paradiklorobenzini ileile chini ya stika ileile.

Yaani wamenitumia pole ya maafa pamoja na maafa mengine, na wameongeza dozi.

Kwa hiyo futeni zile nyota tatu ambazo hamkuziona. Hapa tatizo si mfanyakazi mmoja aliyekosa adabu. Nadhani katika nyumba nzima ile hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuweka kidonge chao kwenye sanduku lao, akafunga, akarudi baadaye kutazama. Wanauza vitu vya wadudu kwa sababu kuna wanunuzi, basi. Na hilo linanifanya niitilie shaka hata karatasi ya maelekezo. Humo hakuna neno lolote kuhusu kufungua madirisha au kutolala na sanduku chumbani, wakati dawa hii na mwenzake naftalini zote zimo kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani, na hiyo ni sababu mojawapo makumbusho mengi yameachana nazo yakahamia kwenye baridi.

Kama una mkusanyiko, hiyo baridi hata nyumbani inawezekana. Sanduku zima linaingia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, linakaa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, likitoka unaliacha ndani ya mfuko hadi joto lilingane na la chumba ndipo ufungue, la sivyo umande utawalowesha wadudu wote. Adui unayemwinda ni buu mdogo mwenye manyoya, mtoto wa mbawakawa wa makumbusho, mdudu wa milimita chache tu ambaye akiwa mkubwa anakula chavua ya maua na hana neno na mtu, ila mabuu yake yanamla mdudu mkavu kutoka ndani hadi anabaki ganda. Dalili yake ni unga wa kahawia chini ya pini. Ukiuona unga, usingoje. Mimi sasa nimeng'oa polistaireni yote, nimetandika povu laini la polithini ambalo linashika pini vizuri, na natazama chini ya kila pini kwa tochi.

Wapo watakaosema mbona sanduku lenyewe, mbao na kioo, ni zima. Ni kweli, ni zima, na mfuniko unafunga vizuri mno. Ningekuwa nimelinunua tupu ningelisifu.

Wiki iliyopita pini namba 3 zilikaribia kuniishia. Nikajishusha, nikawaandikia tena, salamu na kila kitu, nikiuliza kama wanauza pini peke yake. Akajibu yule yule wa mwanzo, namtambua kwa uandishi wake. Zinapatikana ndani ya seti tu, ndugu. Na kwamba kwa sasa kuna ofa, ukinunua seti unaongezewa vidonge.

Nyota moja.