Geji ya temperecha yenye namba kwenye Land Rover 109: hela imeenda mahali pake

Wadau wa magari ya zamani, hii ni kwa yeyote mwenye Land Rover Series III (toleo la tatu la zile za zamani) au gari lolote la miaka ya 70 ambalo geji yake ya temperecha ina herufi tu, haina namba. Nimefunga geji ya VDO (kampuni ya Ujerumani) ya nyuzi 40 mpaka 120 kwenye 109 yangu (ile Land Rover ndefu) ya petroli, umeme kafunga fundi mmoja wa hapa Arusha, na nasema wazi ndo kitu bora nilichoifanyia hii gari tangu niipate, hata rangi mpya haikunifurahisha hivi.

Geji ya asili sio mbovu, ila inakwambia baridi, kawaida, moto, basi. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopata moto kwa umeme kinajikunja taratibu ndo kinasukuma mshale, kwa hiyo joto likipanda ghafla mlimani mshale unakuja kufika mambo yameshaharibika. Alafu inategemea stebilaiza ya volti 10 (kifaa kinachoshusha umeme wa betri na kuutuliza) iliyojificha nyuma ya dashibodi, hiyo hiyo ndo inalisha na geji ya mafuta. Stebilaiza ikikosa ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari), mishale yote miwili inapanda pamoja, yaani gari inaonekana inachemsha na tenki linaonekana limejaa kuliko lilivyo. Ukiona hivyo tafadhali sana usikubali mtu afungue hedi ya injini, mwambie aanzie hapo. Watu wanabadilishiwa thamostati, wanazibuliwa rejeta, wanaambiwa gasketi ya hedi imeungua, kumbe ni skrubu moja imelegea huko nyuma!

Sasa kazi yenyewe. Geji ni ile ya kipenyo cha milimita 52, saizi ya kawaida kabisa, na hatukutoboa dashibodi, tumeiweka kwenye kibebeo cha bati chini ya dashi upande wa dereva ili gari ibaki na sura yake. Sensa ya zamani tumeiacha kwenye tundu lake karibu na thamostati iendelee kulisha geji ya zamani, hii mpya tumeiwekea adapta, kile kipande cha bomba la aluminiamu kinachoingia katikati ya mpira wa juu wa rejeta, unakata mpira, unakichomeka, unabana klampu mbili, sensa inafungwa juu yake.

Fundi kabla hajafunga chochote aliomba sufuria ya maji na jiko. Nikashangaa kidogo. Akaitumbukiza ncha ya sensa kwenye maji, multimita (kipima umeme) imeshikwa kwenye sensa, tukawa tunaangalia namba zinavyoshuka maji yanavyopata moto, maana hizi sensa ukinzani wake unapungua joto likizidi. Sensa ya VDO ya geji hii inatakiwa isome ukinzani wa kama omu 287 kwenye nyuzi 40, na 38 na ushee kwenye nyuzi 100. Maji yalipochemka ikasimama kwenye 44 na kidogo, nikamwambia mbona haifiki 38, akacheka akasema mzee hapa tuko juu, maji ya Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, sio 100 kama ya Dar, kwa hiyo sensa yako ni nzima. Mtu anayejua kazi yake mpaka raha! Na hapo hapo ndo nikaelewa kwanini anasisitiza sensa na geji viwe vya familia moja, ukichomeka sensa ya Lucas (kampuni nyingine ya vifaa vya umeme vya magari) kwenye geji ya VDO mshale utasogea vizuri tu na utakudanganya kila siku.

Waya ni chache. Nyuma ya geji kuna alama ya kujumlisha, inaenda kwenye umeme unaokuja ukiwasha swichi ya funguo, kuna G, hiyo ni ya sensa, kuna ya ethi, na kuna taa. Kwenye hizi Land Rover rangi za waya zinasaidia sana: kijani kitupu ni umeme wa swichi uliopita kwenye fyuzi, hapo ndo pa kuchukua. Kijani mpauko ndo umeme uliotoka kwenye stebilaiza, usiuguse, geji ya kisasa inataka volti 12 kamili. Kijani chenye mstari wa bluu ni wa sensa ya zamani, nyekundu yenye mstari mweupe ni taa za dashi, kwa hiyo geji mpya inawaka pamoja na zile nyingine usiku, nyeusi ni ethi. Fundi kaongeza fyuzi ndogo ya peke yake, viungo vyote kabana kwa tamino (vile vibanio vya chuma vya kuungia waya) na koleo lake, hakuna waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu, na waya wa sensa kaupitisha mbali na egzosti. Mwenye Series II ya zamani yenye dainamo angalia kwanza betri imefungwaje, kuna zilizotoka na chanya kwenye bodi, ukifunga kama mimi utaharibu.

Kuna jambo moja kwenye adapta ambalo wauzaji hawasemi. Ile adapta imekaa kati ya mpira na mpira, haigusi injini popote, na sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia kile inachofungwa nacho. Kwa hiyo bila kuivutia waya wa ethi kutoka kwenye injini, mshale haunyanyuki kabisa. Niliyouziwa mimi ilikuja bila waya, bila skrubu, bila hata tundu la skrubu, tukatoboa wenyewe pembeni kwenye ukingo, hapo sijapenda. Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usizungushe mpaka ujaze nyuzi za skrubu za sensa, inaweza kukata ethi geji ikasoma chini. Kujua kama waya wako uko sawa ni rahisi, chomoa waya wa sensa uguse kwenye injini kidogo swichi ikiwa imewashwa, mshale unatakiwa ukimbie mpaka mwisho wa moto, uachie urudi baridi.

Nimeijaribu pale Mto wa Mbu kupanda ule ukingo kwenda Karatu, gari na mzigo, jua la mchana. Tambarare inakaa 84 mpaka 88, mlimani nikaona inasogea 90, 93, mpaka 97, nikarudisha gia nikapunguza mguu, kufika juu ikaanza kushuka yenyewe. Geji ya zamani muda wote huo ilikuwa palepale katikati. Zamani ningesimama pembeni na wasiwasi au ningekazana mpaka niharibu, sasa naona namba naamua. Maana kofia ya rejeta ikiwa nzima na inashika presha, nyuzi 97 sio ya kutisha hata kidogo, ila kofia ikiwa imechoka kwa milima yetu hii hapo uko pabaya.

Kitu ambacho geji yoyote haikupi ni habari ya maji yaliyoisha. Sensa inasoma maji yanayoigusa, mpira ukipasuka maji yakamwagika inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza ukashuka wakati injini inaungua. Mshale ukianguka ghafla safarini zima injini hapo hapo.

Geji naipa tano kwa tano, fundi tano na nyongeza, adapta tatu. Ufundi nimelipa elfu 40 na sijaona ni nyingi kwa mtu aliyekaa nusu siku akapima kila waya mbele yangu. Ukienda kununua adapta beba kipande cha mpira wako dukani ulinganishe kipenyo, na uliza kabisa kama ina sehemu ya kufungia ethi.