Congress.gov: nyota nne kwa tovuti ya miswada ya Marekani

Ukitaka kuijua tovuti ya Bunge la Marekani, iingie ukiwa na kesi mkononi. Nimekuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, kwa hiyo niliingia na ya Ignacio Ramos na Jose Compean, walinzi wa mpaka waliomfyatulia risasi mlanguzi wa bangi karibu na Fabens, Texas, Februari 2005, naye akikimbilia Mexico. Ramos alifungwa miaka 11 na siku moja, Compean 12. Kwa kila mmoja, miaka kumi kati ya hiyo ilitokana na sheria ya kutumia bunduki katika uhalifu, ambayo haimwachii jaji nafasi ya kupunguza.

Chagua Bunge la 110 (kipindi cha 2007–2008), andika H.R. 563 (H.R. ni alama ya miswada ya Baraza la Wawakilishi), na muswada wa mbunge Duncan Hunter wa mwaka 2007 unafunguka: Bunge liwasamehe wale wawili. Ni mfupi kuliko hati ya kiwanja. Mimi nilikaa zaidi kwenye orodha ya walioutia saini kuuunga mkono, kila jina na chama chake na tarehe yake. Hapo siasa inasomeka waziwazi. Muswada wenyewe haukupita, na sishangai: Katiba ya Marekani inampa rais mamlaka ya kusamehe, si wabunge.

Jambo tamu zaidi limejificha. Julai 2007 Baraza la Wawakilishi lilikubali marekebisho ya kuzuia fedha za serikali zisitumike kuwaweka gerezani. Ujanja huo wa kukaba mfuko ulibandikwa kwenye muswada wa bajeti, H.R. 3093, kwa hiyo asiyefungua sehemu ya marekebisho ya muswada huo hatauona. Mwezi huohuo Kamati ya Sheria ya Seneti iliketi kuhoji mashtaka hayo, seneta Dianne Feinstein akiwa mwenyekiti.

Nyota niliyoipunguza ni kwa sababu miswada haielezi kesi. Ukisoma hoja za wabunge tu, utaona mashujaa walioonewa. Hutajua kwamba risasi zile hazikuripotiwa, wala kwamba Compean aliokota maganda ya risasi zake. (Mlanguzi naye alipewa kinga ili atoe ushahidi, na hilo lilinikera mimi pia.) Soma pamoja nayo hukumu ya rufaa ya Julai 2008: mahakama ilifuta makosa ya kuzuia uchunguzi, ikaacha yale mazito. Kwangu, hatia ilikuwa na msingi. Adhabu ndiyo iliyopitiliza.

George W. Bush aliwapunguzia kifungo Januari 2009, na Donald Trump akawasamehe Desemba 2020. Hayo msiyatafute kwenye kurasa za miswada, yalitoka Ikulu.

Kusoma ni bure na hakuhitaji akaunti. Kwa mwanafunzi wa sheria naipendekeza bila kusita; kwa anayetaka kujua nani alikosea siku ile Fabens, aanzie kwenye hukumu.