Kichupa nusu, majibu ya kunitia kiwewe

Hasira bado haijaniisha. Nina vali ya chuma moyoni, nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni, na kila mwezi napima INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda. Yangu daktari anataka icheze kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaweza kugandia kwenye vali. Ikipanda mno, naweza kuvuja damu nisijue.

Juzijuzi nilitoka Bombo alfajiri kwa taksi mpaka maabara moja ya binafsi mjini Kampala. Dada akanichoma, akavuta kidogo, na kichupa cha kifuniko cha buluu hakijafika hata nusu akachomoa sindano. Nikamwambia kwa adabu, "Samahani, dada, hicho hujazwa mpaka kwenye mstari." Hata hakuinua macho. "Mzee, nani daktari hapa?" Mbele ya foleni nzima! Binti ninayeweza kumzaa!

Sikuwa namfundisha kazi. Humo ndani mna dawa ya kuzuia damu isigande, imepimwa kwa sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Damu ikiwa kidogo, dawa inazidi, na damu itachelewa kuganda kwenye mashine, ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Haya alinieleza muuguzi aliyenitoa damu miaka yote tangu upasuaji, tena kwa upole.

Majibu: 4.9. Eti niache dawa siku tatu, nirudi. Niache dawa na hiki chuma kifuani! Miguu iliniisha nguvu. Nikampigia daktari wangu. Akasema nisiache chochote, nipime kwingine siku hiyohiyo. Kliniki ya pili wakajaza kichupa vizuri: 2.9.

Nitende haki: pale ni pasafi, majibu hayacheleweshwi, na kijana wa mapokezi aliniletea kiti bila kuombwa. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema pengine ni kosa la siku moja, watu wajaribu tu. Lakini niliwapigia simu kuwaeleza, nao wakajibu, "Si uko salama, mzee?" Basi hapana. Kwa INR msiende.

Nyuma yangu siku ile alikuwepo mama mmoja, ameshika kadi ya kliniki ya moyo kama yangu. Namfikiria kila nikimeza kidonge. Chake walikijaza?