Dashkamu ya laki na arobaini: miezi nane ya Dar–Moro na wazee wa tochi

Nianze na bei maana ndo mtauliza. Laki moja na arobaini, Kariakoo, muuzaji alianzia laki na themanini nikamkaba mpaka akasema basi chukua braza nisikupoteze. Kifaa chenyewe ni kamera ya kubandika kwenye kioo cha gari, cha Kichina, jina lake hata silikumbuki, kina kamera mbili, moja inatazama mbele nyingine inatazama ndani, na kina GPS inayoandika spidi pale chini ya video. Hiyo GPS ndo niliifuata, mengine yote nilichukua kwa vile yalikuja humo humo.

Mimi napiga Dar–Morogoro mara mbili kwa wiki na kigari changu cha Toyota IST, napeleka vipodozi kwa wateja wa jumla. Anayeijua hiyo njia anajua, ukishavuka Kibaha unaanza kuhesabu vibao vya spidi 50. Kijiji kina maduka manne na kituo cha bodaboda lakini kibao kipo, na sheria ni sheria, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura 168 ya mwaka 1973, inasema maeneo ya makazi mwisho 50, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ulikuwa kwenye mabishano. Unasimamishwa na trafiki wa tochi, ile kamera yao ya kupima spidi, unaambiwa 67, wewe unaamini ulikuwa 49, basi hapo ni neno lako na la afande na mwenye daftari ni yeye.

Sasa bana, mechi ya kwanza na hii kamera nilifungwa, tena kizembe. Kamji kamoja kabla ya Chalinze, nimetoka ndani ya 50, nimepita kile kibao chenye mstari wa kukata, kinachosema 50 imeisha, nikaongeza moto. Mbele kidogo mkono huo. Nikaweka pembeni, nikashusha kioo, habari za kazi afande, akasema salama dereva, umepigwa 71 ndani ya 50. Nikaomba nione picha, akanionyesha bila shida, gari langu kweli, namba yangu kweli, 71 kweli. Nikamwambia afande hapo nilishatoka nje ya kibao, nina video. Akainamisha kichwa dirishani kwa hamu kabisa. Video ikacheza, kibao kinaonekana kinapita, GPS inasema 48, halafu ndo inapanda. Nikajua nimeshinda. Akaangalia, akaangalia tena, akaniuliza, "Dereva, hii video ya lini? Hapa imeandikwa 19:32. Saa moja na nusu usiku jua linawaka hivi?"

Jamani. Kamera imetoka kiwandani na saa za China, masaa matano mbele yetu, na mimi tangu ninunue sijawahi kufungua menyu hata siku moja. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Nikajitetea kwamba toa masaa matano utapata muda ule ule wa kwenye picha yako, akacheka, mwenzake akaja naye akacheka, mwisho akaniambia kwa upole tu, unakubali kosa nikuandikie au hukubali twende mahakamani. Na hiyo ni haki yako kweli, hulazimishwi kukubali. Ila mimi nina maboksi kumi na moja ya mafuta ya nywele na mteja ananipigia kila dakika tano, nikakubali, elfu 30, nikapewa karatasi yenye kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, nikalipa kwa simu. Jioni hiyo nikaweka GMT+3, saa za kwetu, nikiwa nasonya peke yangu. Kwa hiyo ukinunua, hata kabla ya kukibandika kwenye kioo, fungua menyu weka saa!

Mechi ya pili ndo ikarudisha hela yangu. Maeneo ya kuelekea Mikese, nyuma ya lori la mbao linatembea 30, nikaliovateki. Kilomita kama mbili mbele nasimamishwa, afande anasema mwenzangu kakuona huko nyuma umeovateki kwenye mstari mzima. Picha hakuna, tochi haipigi mstari. Zamani hapo ndo yangeanza yale mazungumzo ya "sasa tunafanyaje dereva" na wewe unajua vizuri anachosubiri. Safari hii sikubisha, nikamwambia afande naomba tuangalie wote. Saa sahihi, tarehe sahihi, mstari umekatikakatika kama alivyouchora mkandarasi, lori linaonekana, mbele peupe. Akairudisha mara mbili. Akanipa leseni yangu, "Haya nenda, safari njema." Dakika nne nzima na hakuna aliyepandisha sauti, wala mimi sikuingiza mkono mfukoni.

Na niseme kitu hapa kwa wale mnaoshika simu mnamwekea afande usoni kabla hata hajawasalimia. Trafiki ana mamlaka ya kukusimamisha, kukuomba leseni na bima, kukagua gari, na ukipigwa mkono unasimama, hilo halina mjadala. Wewe una haki ya kuambiwa kosa lako ni lipi, kuona picha kama ni tochi, kusoma jina lake pale kifuani, na kulipa kwa kontrol namba badala ya kuweka kitu mkononi mwa mtu. Akikuomba "ya maji", namba ya TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ni 113, bure. Kamera iliyotulia kwenye kioo inakulindia hayo yote bila kumtia mtu hasira, maana haimkodolei yeye, inaangalia barabara. Nimeona tofauti kubwa, wengine wakishaiona tu wanabadilisha hata lugha, "dereva" inakuwa "kaka".

Ila haina rafiki hii kitu. Mwezi wa tano nimesimamishwa kwamba sikusimama kwenye zebra, nikawaka, wapi huko sijasimama, nina kamera! Nikaifungua mwenyewe kwa mbwembwe. Mtoto wa shule na begi lake la mgongoni yuko pembeni ya zebra, mguu mmoja ameshashusha, na mimi huyo napita 44 naangalia kulia sijui nilikuwa naangalia nini. Tulinyamaza wote wawili. Nikasema niandikie afande.

Sasa ubovu wake, maana upo. Kile kimpira cha kunyonya kioo hakiwezi joto la Chalinze saa saba mchana, kimeanguka mara tatu, mara ya tatu kimenidondokea kwenye gia nusura niende mtaroni. Nimetupa, nimeweka gundi ya pande mbili, imetulia. Usiku usitegemee namba za magari, unaona taa tu na ukungu. GPS nayo ukifunga breki inachelewa kama sekunde moja mbili, kwa hiyo usije ukabishana juu ya ile sekunde uliyokuwa unapunguza. Na dashibodi ya IST yangu inasoma juu kidogo kuliko GPS, 50 ya gari ni 47 ya kamera, jambo ambalo lilinishangaza ila kumbe magari mengi yako hivyo.

Kubwa kuliko yote ni memori kadi. Nilipewa iliyoandikwa GB 64, nikaona video zinajifuta baada ya lisaa limoja tu, kuipima kwenye kompyuta ni GB 8 imevalishwa koti. Nilirudi dukani, yule kijana hata hakubisha, akatoa nyingine kwenye droo tofauti akataka niongeze elfu kumi na tano. Droo tofauti! Yaani alikuwa anajua. Pimeni kadi hapo hapo kaunta.

Waya nilifungiwa na fundi umeme elfu 20, umepita ndani ya mpira wa mlango haionekani, lakini ile sehemu ya kurekodi gari likiwa limepaki mwambie asiiunge, mimi ilininyonya betri siku mbili nikasukumwa na bodaboda.

Ukipata tukio la maana chomoa kadi, ihifadhi kama ilivyo, usikate video wala kuitumatuma WhatsApp. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani ila hakimu ataangalia ulivyotunzwa. Na hesabu ya madeni usiisahau, mimi kila Jumapili naingia kwenye TMS, mfumo wa polisi wa mtandaoni wa kuangalia faini, naweka namba ya gari naangalia kama kuna kitu nimeandikiwa.

Naipa saba kwa kumi. Ingekuwa nane ila ile kamera ya ndani inarekodi na sauti, na mke wangu aliiomba kadi "aangalie mandhari ya Mikese", akasikiliza safari nzima niliyompa lifti shemeji yake tukimsema mama mkwe. Ya ndani nimeibandika tepu nyeusi.